Waliozaliwa Majini Pia Wanazama

Najua nimekuwa kimya wiki mbili, tesiti zilinikaba koo na madesa hayaishi. Leo Jumapili, umeme upo, vimbweta viko wazi, na nina hasira. Kama ulikuja kutafuta vichekesho vya kantini, pita tu, rudi wiki ijayo. Leo naongea na wewe unayependa kutuambia hivi: "Ninyi watu wa Rufiji mmezaliwa majini bwana, maji hayawawezi."

Maneno hayo nayachukia. Yanasikika kama sifa, kumbe ni hukumu. Ukishamwambia mtu kwamba maji hayamwezi, umejiondolea kazi zote. Hutamtafutia boya, hutamfundisha mwanae kuogelea, hutakata gogo lililolala kivukoni, na siku akizama utasema tu kwamba ahadi yake ilifika. Sifa gani hiyo ambayo mwisho wake ni sanda?

Haya, kwa wale ambao ramani yao ya Pwani inaishia Mbagala, ngoja niwapeleke. Unashika barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 (kabla ya hapo ilikuwa ni pantoni pale Ndundu, na wazee wana hadithi za kulala barabarani wakiisubiri). Ukishavuka, upo kusini mwa mto, na huko ndiko iliko Mohoro. Ni Mohoro hiyohiyo ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa na wiki mbili hivi tangu ianze. Ninyi wa historia mnaijua kwa ajili ya mtihani. Sisi tunaijua kwa sababu ni kwetu.

Sasa, maji kwetu si mandhari ya kupigia picha, ni njia ya kwenda kazini. Mafuriko ndiyo yanayoleta tope jipya shambani, na maji yakishuka watu wanapanda kwenye unyevu uliobaki. Kilimo hicho kinaitwa mlau. Wazee walijenga madungu, vibanda vya juu kwenye nguzo, wakaishi juu ya maji na mpunga wao chini. Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa, serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni na kuwapandisha kwenye miinuko katika vijiji vya ujamaa. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Rutuba haipandi mlima. Ndiyo maana mpaka leo mama anaamka alfajiri, anaingia kwenye mtumbwi, anakwenda kulima bondeni. Na ukishuka kuelekea delta, kwenye vijiji vilivyo katikati ya mikoko, mtumbwi ndiyo daladala, ndiyo bodaboda, ndiyo gari la wagonjwa.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia habari ya "kwani wanaingia majini kufanya nini". Wanaingia kula. Basi.

Tuje kwenye mwaka 2024. Mvua zilikuwa zimeanza tangu mwishoni mwa 2023, msimu wa El Niño, na kufika Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji, Mohoro ikiwemo. Nyumba, mashamba, njia, vyote. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchi nzima kutokana na mvua na mafuriko, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Hapa chuoni mjadala ukawa mmoja tu: ni bwawa au si bwawa? Upande mmoja ukasema Bwawa la Julius Nyerere limefungulia maji yakatuangukia, upande mwingine ukasema bila bwawa yangekuja mengi zaidi. Mkabishana mpaka usiku wa manane. Mimi sikuona hata mmoja aliyeuliza swali dogo: watu wanavukaje sasa hivi, na nini kimelala ndani ya hayo maji wanayoyavuka?

Nitawaambia kilicholala. Miti.

Mto ukifura unakula kingo. Unachimba chini ya mwembe uliosimama miaka mingi, mwembe unainama, unaanguka na matawi yake yote, kichwa majini na mizizi bado kwenye udongo. Mwingine unang'oka mzima na kusafiri mpaka unakwama kwenye kona. Juu yake yanaongezeka magugu, mabua, vipande vya paa, kamba za nyavu. Vijito vya huku kwetu ambavyo kiangazi unavuka umekunja suruali tu, wakati wa mafuriko vinakuwa mkondo mmoja mrefu usio na kituo. Hakuna dimbwi la kupumzikia, hakuna kona tulivu ya kusogeza mtumbwi ukatafakari. Maji ni mafupi lakini yanakimbia, na ndani yake kuna visiki na matawi ambayo wiki iliyopita hayakuwepo. Hata yule mzee anayejua njia kwa kufumba macho anajua njia ya wiki iliyopita. Ya leo haijui.

Na hapa ndipo watu wengi mnapokosea. Mnadhani hatari ya maji ni kina. Mnauliza, "Maji yenyewe yalikuwa ya wapi? Kiunoni? Sasa mtu anakufaje kwenye maji ya kiunoni?" Sikilizeni.

Kila mtu wa Pwani amewahi kuona nazi ikikamuliwa. Unamimina kwenye kung'uto, tui linapita, chicha inabaki. Mti ulioanguka mtoni ni kung'uto. Maji yanapita katikati ya matawi bila shida yoyote, tena kwa kasi, lakini kitu kigumu hakipiti. Mtumbwi haupiti. Mtu hapiti. Mtu ndiye chicha. Na tofauti na kung'uto la jikoni, hili halina mkono unaochoka kukamua. Maji yanaendelea kusukuma usiku na mchana.

Wale wa uhandisi nisaidieni hesabu, na wa sanaa mnivumilie. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Nguvu ya maji yanayokimbia haiongezeki sawa na kasi yake, inaongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Mchukue mtu aliyebanwa kwenye matawi, mwili wake umeyapa maji nusu meta ya mraba. Maji yakienda meta moja kwa sekunde, yaani taratibu kuliko mwendo wa mtu anayetembea kawaida, anasukumwa na nguvu kama ya kubebeshwa kilo 25. Yakienda meta mbili kwa sekunde, ni kama kilo 100, gunia zima la mahindi. Yakifika meta tatu, inapita kilo 220. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, lakini inatosha kukuonyesha kitu kimoja: hakuna kifua cha mwanamume, wala cha Mndengereko wala cha Mmatumbi wala cha mnyanyua vyuma wa hapa hosteli, kinachojisukuma kutoka chini ya gunia mbili huku kichwa kiko majini. Kujua kuogelea hakuondoi gunia.

Sikuipata hesabu hii kitabuni nikafurahi nayo. Niliitafuta kwa sababu ya mtoto wa mama mdogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anaogelea kuliko mimi, anapiga kafi kuliko sisi wote. Mtumbwi wao ulikwenda upande ukagonga mwembe uliolala, ukajaa maji, wenzake wawili wakarukia juu ya shina, yeye akaenda chini yake. Walimkuta kesho yake, maji yamepungua, yupo kwenye matawi, hatua kama hamsini kutoka nchi kavu. Yale maji yalinifika kifuani. Msibani nilisikia kila aina ya maelezo. Ameitwa. Kuna mtu alimtupia jicho. Mamba alimvuta, ingawa mwili haukuwa na hata mkwaruzo wa jino. Mwembe wenyewe haukulaumiwa na mtu. Siku ya tatu ulikuwa bado umelala palepale, na watu wanapita kandokando yake kwenda shamba.

Ndipo nilipoanza kusoma. Kuna watu duniani wanaoshuka vijito vya namna hii kwa makusudi, kwa mchezo. Wanatumia kayaki, mtumbwi mdogo uliofunikwa juu, mtu mmoja ndani yake. Rafiki zangu tuliangalia video zao hapa chuoni wiki jana: kijito chembamba, maji mafupi meupe yanayoteremka bila kupumzika, na magogo kila kona. Wote mkacheka, "Wazungu wana wazimu." Mmoja akaongeza, "Mbona hii Rufiji wanafanya kila siku, tena na baiskeli ndani!" Mkacheka tena zaidi.

Lakini mliangalia kweli? Mimi niliirudia mara tatu. Kila mmoja ana kofia ngumu. Kila mmoja ana boya lililobana mwili. Wana kamba ndani ya mfuko, ya kumrushia aliyeanguka, na kisu cha kuikata ikimnasa. Wana filimbi na ishara za mikono. Hawapiti kwa kundi, anapita mmoja, wengine wamesimama chini wanamsubiri. Na wakifika kona ambayo hawaoni mbele, wanashuka. Wanatembea ukingoni, wanaangalia, wanarudi. Wakikuta gogo limekata mto, hakuna ushujaa. Wanabeba chombo begani, wanalizunguka kwa miguu, wanaingia upande wa pili. Mito wameipanga kwa madaraja kutoka la 1 mpaka la 6, lakini penye mti hata mto wa daraja la chini wanauogopa, kwa sababu mwamba maji yanauzunguka na kukupitisha pembeni, mti unakushika.

Umeona sasa? Wale wanaocheza wanaogopa. Sisi tunaofanya kazi tunacheka. Nani mwenye wazimu?

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote. Twende moja moja.

Jibu la kwanza: "Huo ni mchezo wa wazungu." Kayaki si ya wazungu. Ni chombo cha Wainuiti, wawindaji wa kule kwenye barafu ya kaskazini, waliojenga kwa mifupa, mbao na ngozi ili wakatafute sili wale na watoto wao. Ni chombo cha kazi kama mtumbwi wa mwembe. Wazungu walikikuta, wakakichukua, wakakiongezea boya na kofia. Kwa nini wao wajifunze kwa mwindaji, halafu sisi tuone haya kujifunza kwao? Na Waganda hawakuona haya. Kule Jinja, kwenye maporomoko ya Bujagali kabla hayajazamishwa na bwawa mwaka 2011, kulikuwa na vijana waliokuwa wakishuka maporomoko wameshika dumu la njano tu, watalii wanawalipa. Leo Jinja ina vijana wa palepale wanaoongoza wageni kwenye maji ya Nile wakiwa na boya, kofia na mafunzo. Ujasiri ulikuwepo tangu enzi za dumu. Kilichoongezeka ni elimu.

Jibu la pili: "Ajali ni kazi ya Mungu." Mimi ni mtoto wa madrasa ya Mohoro, usinifundishe tawakkul. Tulifundishwa wote kisa cha yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa afunge kwanza, kisha ategemee. Boya ndiyo kamba ya ngamia. Kukata gogo ndiyo kamba ya ngamia. Aliyekaa tu akiliangalia gogo kwa wiki tatu halafu akasema ni kadari, hajamtegemea Mungu. Amemsingizia.

Jibu la tatu: "Wenyeji wana uzoefu." Wanao, na ninauheshimu. Mwaka 1915 Waingereza walishindwa kuifikia meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha ndani ya delta yetu, kwa sababu manowari zao kubwa zilihitaji kina. Ikabidi walete Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji mafupi, na Julai mwaka huo ndipo ikaisha. Yaani hata mwenye mizinga alilazimika kujifunza maji ya Rufiji yanataka nini. Wenyeji walikuwa wanajua hilo zamani. Lakini uzoefu una mpaka: uzoefu unajua mto, haujui mti ulioanguka jana usiku. Na uzoefu haugawiwi. Wa babu hauko mwilini mwa mjukuu wa darasa la tatu aliyekaa katikati ya mtumbwi na begi la shule mgongoni.

Jibu la nne: "Subirini madaraja." Nayataka madaraja, tena sana. Lakini delta imekatwa na mito na mikono ya bahari kila upande, na shamba la mlau halina barabara kwa sababu kila mwaka linafunikwa. Hata tukipewa madaraja kumi, mtumbwi utabaki. Kusubiri daraja ili uanze kuvaa boya ni sawa na kusubiri hospitali ya rufaa ili uanze kunawa mikono.

Jibu la tano, la wenye takwimu: "Wanaokufa ni wachache." Wachache kwa kuhesabu vipi? MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit 2012, MV Nyerere 2018: nchi ilisimama, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na ilistahili. Mtumbwi mmoja wenye watu watatu haushushi bendera. Anayekufa hivyo anazikwa saa kumi alasiri na kesho yake mto unavukwa tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa kwa kuzama duniani, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao hawakufa kwenye meli kubwa zinazotangazwa. Wengi walikufa mmoja mmoja, kwenye maji ya karibu na nyumbani, wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku. Kama mtoto wa mama mdogo.

Sasa nina neno na sisi wasomi. Likizo moja nilichukuliwa kuwa mkalimani wa kundi la watafiti waliokuja deltani. Sitataja walikotoka. Walikuwa watu wazuri, walilipa vizuri, walipima mikoko kwa siku tano. Kila asubuhi waligawa maboya ya rangi ya chungwa: kiongozi, wasaidizi, mimi. Yalikuwa sita kwa watu wanane. Waliokosa ni mzee mwenye mtumbwi na kijana wake mwenye upondo. Niliuliza. Nikajibiwa kwa tabasamu, "Aa, hao wamezaliwa majini." Mzee alisikia. Hakusema kitu, alisukuma tu upondo wake.

Yaani mtu anayekaa majini saa nne kwa mwaka anahitaji boya, na anayekaa saa nne kwa siku hahitaji? Kwa hesabu ipi? Anayekutana na maji mara nyingi zaidi ndiye anayekutana na gogo mara nyingi zaidi. Hii haihitaji digrii.

Basi nisilalamike tu. Haya ndiyo ninayoyataka, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, magogo ya vivukoni yakatwe. Sisemi mto wote usafishwe, samaki wanazaliana kwenye magogo hayo na kingo nazo zinayahitaji. Wala sisemi mtu akaguse mikoko, ile ina sheria yake. Nasema pale watu wanapovuka, na hatua mia moja juu na mia moja chini yake. Kijiji kipige msaragambo wakati maji yamekaa, si wakati mkondo unavuma, watu waingie na misumeno. Na mti ukianguka katikati ya msimu na hauwezi kukatwa, ufungwe kitambaa chekundu upande wa juu wa mto, na kivuko kihamishwe. Tunajua kuchimba kaburi kwa nusu saa watu arobaini. Hatuwezi kukata mwembe mmoja?

Pili, boya kwa kila kichwa, na mtoto kwanza. Kama hakuna jaketi, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri linabeba karibu kilo 20 majini, na kichwa cha mtu kukaa juu ya maji kinahitaji chini ya nusu ya hapo. Mtu alishike au alipakate. Lakini tafadhali, asijifunge nalo kwa kamba ndefu, na mtoto asifungwe kwenye mtumbwi. Kamba kwenye matawi ni kitanzi.

Tatu, watoto wafundishwe shuleni, na si kuogelea tu. Wafundishwe hivi: ukianguka kwenye maji yanayokimbia usijaribu kusimama, mguu utanasa kwenye kisiki na maji yatakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele, juu ya maji, ujielekeze ukingoni. Lakini ukiona mti mbele na huwezi kuukwepa, geuka haraka, lala kifudifudi, uogelee kuuelekea kichwa mbele kwa nguvu zako zote, urushe kifua juu ya shina, upande. Usiufikie miguu ikitangulia, itaingia chini na mwili utafuata. Na mtumbwi ukibanwa ubavu kwenye gogo, wote mwinamie upande wa gogo. Mwili unataka kulikimbia, ndivyo mtumbwi unavyokunywa maji upande wa juu na kupinduka. Mambo haya unayafundisha kwa kipindi kimoja tu cha michezo. Sisi wa Mohoro tulisoma sehemu za ua la mwarobaini mara tatu, hili hatukusoma hata mara moja.

Nne, wenye mamlaka. TASAC ndiyo wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, na macho yao yasiishie bandarini. Na maji ya bwawa yanapofunguliwa kwa wingi, taarifa ifike mpaka kwa mwenye mtumbwi wa mwisho, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa redio na kipaza sauti cha msikiti, kabla maji hayajafika. Nani alikuwa sahihi kwenye ule ubishi wa 2024 endeleeni kubishana, gogo halijui limeletwa na mvua ama na geti.

Tano, sisi. Watu wa Rufiji na Kibiti tuliopo hapa Mlimani na vyuo vya jirani hatupungui. Bumu likitoka tunachangia sherehe ya mtu kufikisha miaka ishirini na mbili, keki na spika. Sijakataa keki. Nasema muhula huu tuchange kidogo kidogo, tununue maboya ya watoto, tuyapeleke likizo kwenye kivuko kimoja tu, tukae nao wiki nzima tufundishe hayo niliyoandika juu. Kivuko kimoja. Na kila anayekwenda kufanya utafiti wa digrii yake kwenye maji ya mtu mwingine, aandike kwenye bajeti yake boya la mwenye mtumbwi, na akiondoka amwachie.

Kikao ni Jumatano saa kumi na moja jioni, vimbweta vya nyuma ya maktaba. Mwenye msumeno nyumbani kwao aseme. Mwenye mjomba fundi cherehani anayeweza kushona maboya kwa turubai na sponji ngumu aseme pia, tutayajaribu majini kwanza kabla ya kumvalisha mtoto wa mtu. Na mwenye hoja kwamba watu wa Rufiji wamezaliwa majini aje vilevile, aje na orodha ya wote waliofia humo, tuisome pamoja kabla hatujaanza.

Naomba kuwasilisha.